Kuhama na Mzigo Mzito Kupitia Great Central Road: Mwongozo kwa Wenzetu Walioko Australia

Mtu anayeishi Perth akipata kazi Alice Springs, ramani humwonyesha njia mbili. Ya kwanza ni ya lami tupu, inazunguka kusini kupitia Port Augusta, nayo ina zaidi ya kilomita 3,500. Ya pili inapita Kalgoorlie hadi Laverton, kisha inaingia Great Central Road na kukatiza jangwa hadi karibu na Uluru, ikipunguza safari kwa kilomita zipatazo 1,000. Kutoka Laverton hadi Yulara, mji mdogo ulio jirani na Uluru, ni takriban kilomita 1,100, na ingawa kazi ya kuweka lami inaendelea, bado vipo vipande virefu vya changarawe, mchanga na vumbi. Familia inayohama na vyombo vyake vyote huvutiwa na njia hiyo fupi, na wengi wetu hujipa moyo kwamba barabara za vumbi tumezizoea tangu utotoni.

Uzoefu huo una faida yake, lakini huja na mazoea mawili ya hatari. La kwanza ni kupakia gari hadi nafasi iishe, bila kuuliza uzito. La pili ni kutegemea wapita njia, kwa sababu nyumbani gari likikwama hazipiti dakika nyingi kabla ya vijana kutokea na kamba na jembe. Kati ya Laverton na Warburton, jumuiya iliyoko katikati ya njia hii, umbali wa kilomita zipatazo 560, kituo cha kutegemewa ni kimoja tu, Tjukayirla. Mimi mwenyewe nilivunjikiwa na jani la springi ya nyuma kabla ya kufika Warburton, gari likiwa limejaa magodoro, friji na masanduku ya vitabu, na tulikaa kando ya barabara na watoto wawili kwa saa nne kabla ya gari la kwanza kupita. Barabara ilikuwa mbaya, ni kweli, lakini kilichovunja springi ile ni mzigo ambao sikuwa nimeupima.

Kwa hiyo anza na mizani. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa na abiria, mafuta na mizigo, nao huandikwa kwa herufi GVM kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati. Tuchukue mfano wa pikapu yenye viti vya watu watano inayoruhusiwa kubeba kilo 950, yaani GVM ukitoa uzito wa gari tupu. Watu watano wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 375. Bampa la chuma la mbele ni kama 60, boksi la kufunika bodi 100, tairi la akiba la pili 35, maji lita 60 ni kilo 60, lita 40 za dizeli ndani ya madumu ni kama 34, na keria ya juu 30. Hizo ni kilo 694, nanyi hamjapakia hata sufuria moja. Ukifunga tela, uzito unaolalia ndoano ya kuvutia nao ni mzigo wa gari. Uzito huo ukiwa kilo 150, zimebaki 106 kwa nguo, vyakula na vifaa vyote. Baada ya kupakia, peleka gari kwenye mizani ya umma, upime jumla yake na pia ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kwa kuwa gari laweza kuwa ndani ya kiwango kwa jumla huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Gari lililozidisha uzito linaweza kukupa faini, na kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kukataa madai yako.

Ushauri wangu, na nausema bila kusitasita, ni kwamba familia ya watu watano yenye tela la vyombo isipite njia hii. Toeni vyombo kwa kampuni ya lori, kisha ninyi mzunguke kwa njia ya lami. Anayeamua kupita jangwani aende na mzigo mwepesi.

Katika kupakia, vitu vizito hukaa chini, katikati ya ekseli mbili, na kamwe si nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu uzito wa mkiani huinua pua ya gari, na usukani huwa mwepesi wakati unapouhitaji zaidi. Juu ya keria weka vitu vyepesi tu. Funga kila kitu kwa mikanda ya kukazia, usimame baada ya kilomita 50 uikaze tena, maana mtikisiko hulegeza hata fundo ulilolifunga kwa nguvu zako zote. Maji yagawe katika madumu kadhaa yasiyosuguana. Dumu moja kubwa likitoboka umepoteza yote. Madumu ya mafuta yasiingie ndani walimo abiria.

Matairi ndiyo yanayoamua mambo mengi. Yale matuta madogo mfululizo, ambayo kwetu wengine huyaita rasta, hupiga shokapu na springi bila kupumzika. Kupunguza upepo kidogo hulainisha mapigo hayo. Gari linalotembea na psi 40 kwenye lami mara nyingi hushushwa hadi karibu 30. Lakini gari zito haliwezi kushushwa kama gari tupu. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa hujikunja ubavuni, hupata joto na kupasuka, hasa ukikimbia. Pima asubuhi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Shinikizo likipanda zaidi ya psi 6, basi ama upepo ni mdogo mno, ama mzigo umezidi, ama unakwenda mbio.

Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ndio mwisho ninaoukubali kwenye changarawe nikiwa na mzigo, na mara nyingi 60 inatosha. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huwa mara nne, na changarawe haishiki tairi kama lami. Ngamia, ng'ombe na kangaruu hukatiza bila onyo. Kangaruu hutoka zaidi alfajiri na jioni, kwa hiyo panga kuegesha kabla ya jua kuzama. Mnyama akitokea, kanyaga breki ukiwa umenyooka. Kukata usukani ghafla ndiko kunakopindua magari yenye mzigo.

Ndugu waliojifunza udereva Kongo, Rwanda, Burundi au nchi za Ghuba wachukue tahadhari ya pekee. Australia tunaendesha upande wa kushoto, na kwenye barabara ya vumbi isiyo na mstari mwili hukimbilia upande uliouzoea pale gari jingine linapotokea juu ya kilima. Shika kushoto kila unapokaribia kilele, hata kama njia ni tupu. Lori lenye tela tatu linaweza kufikia urefu wa mita 53.5. Likija mbele yako, jitoe pembeni usimame hadi vumbi litulie, na ukilikuta mbele usilipite bila kuzungumza na dereva kwa redio ya mawasiliano ya UHF, chaneli 40.

Kabla ya kuondoka omba vibali viwili vya kupita kwenye ardhi ya wenyeji, cha Western Australia na cha Northern Territory, na usibebe pombe, kwa kuwa imepigwa marufuku katika jumuiya nyingi za huko. Angalia kama barabara imefunguliwa, maana mvua huifunga kwa siku kadhaa. Mtandao wa simu haupo kwa mamia ya kilomita, hivyo chukua simu ya setilaiti au kifaa cha kuomba uokoaji cha megahezi 406, ambacho husajiliwa bila malipo. Kwenye usajili andika namba ya mtu aliyeko Australia anayejua safari yako. Shangazi aliyeko Goma au Mwanza ataamshwa usiku wa manane asijue hata jina la barabara. Mwachie mtu huyo ratiba yenye saa: nisipopiga kutoka Warburton hadi saa kumi na mbili jioni, piga polisi. Gari likiharibika, inua boneti, kaeni kivulini, mgawane maji, na mtu yeyote asiondoke kwa miguu.

Karibu na Kata Tjuta, miamba mikubwa iliyo magharibi ya Uluru, lami huanza tena. Usikimbie hapo hapo. Simama ujaze upepo hadi kiwango cha lami, kaza nati za magurudumu, chungulia springi chini ya gari, kisha umpigie anayekusubiri.