Mita ya kubeba: betri na USB zisigombane

Kama mita yako itatumia betri na USB pia, usiunge betri ya 18650 (ya lithiamu) na USB moja kwa moja, betri ikijaa ni 4.2V, USB ni 5V, itasukumiwa umeme bila kidhibiti na lithiamu haitaki mchezo. USB ipitishe kwenye dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ya Schottky kama 1N5819 hadi kwenye mzigo, yaani saketi ya mita, dayodi ya kawaida 1N4007 achana nayo inakula karibu 0.7V. Upande wa betri weka mosfeti (swichi ya umeme) aina ya P, AO3401 inatosha, miguu yake mitatu iunge hivi: dreni kwa betri, sosi kwa mzigo, geti kwa USB kabla ya dayodi, na rezista ya 100k toka geti hadi graundi. Najua dreni hapo inaonekana imegeuzwa ila usiigeuze bana, ukiigeuza dayodi ya ndani ya mosfeti itaruhusu USB irudi kwenye betri. Kuchaji iachie TP4056, chipu ya kuchaji lithiamu. Skrini ikizima ukichomoa USB, ongeza kapasita ya 470µF kwenye mzigo.