Namna ya kuozesha Chevrolet ya 1955: gari la mfano la 1/25 lililotelekezwa

Gari la kwanza la aina hii nililijaza kutu kila mahali. Milangoni kutu, kwenye boneti kutu, kwenye rimu kutu, bado kidogo nitie na vioo. Nikaona nimemaliza kazi. Nikampelekea fundi wa bodi jirani yangu hapa Tanga, mtu ambaye mabati yaliyoozwa na chumvi ya bahari ndiyo ugali wake. Akaligeuza, akachungulia uvunguni, akauliza, "Mdogo wangu, hii boneti si umesema ni faibaglasi?" Nikaitikia. "Haya. Faibaglasi inaota kutu tangu lini?"

Tangu siku hiyo sishiki brashi kabla sijajua kila kipande, kwenye gari lenyewe la kweli, kilikuwa kitu gani: bati, alumini, magnesi, mpira au kioo. Kila kimoja kina namna yake ya kufa.

Tunajenga, kwa seti ya vipande vya plastiki iliyo ndogo mara 25 kuliko gari la kweli, Chevrolet ya 1955 ya milango miwili iliyogeuzwa kuwa gari la mbio za robo maili, mita 402 za kunyooka, magari mawili yakiondoka sambamba kutoka kusimama. Mbio hizi zilipata chama cha kuzisimamia Marekani mwaka 1951, Wally Parks alipoanzisha NHRA. Magari ya kundi hili yaliitwa gasa, kutokana na jina ambalo Wamarekani huita petroli, kwa kuwa yalikimbia kwa petroli ya pampu. Yaligawanywa kwa kulinganisha uzito wa gari na ukubwa wa injini, ndiyo maana ubavuni unakuta A/G, B/G, C/G. Gasa utaitambua kwa mbali: pua iko juu. Chini ya pua kuna ekseli nzima kama ya pikapu, ili gari likichomoka uzito ulalie matairi ya nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watazamaji walihamia kwenye magari mapya yenye bodi nzima ya faibaglasi inayofunuliwa kama kawa, na gasa nyingi zikaishia nyuma ya maghala.

Hatua ya 1: Amua limelala wapi

Usifungue rangi kabla ya hapa. Gari lililolala jangwani Arizona, jimbo la Marekani, huungua jua na kutu yake ni nyembamba. Langu nimelilaza Indiana, jimbo jingine la huko, kando ya shamba la mahindi: theluji wakati wa baridi, mvua na joto kiangazi, majani mwaka mzima. Sisi watu wa pwani tunaponzwa na mazoea ya macho. Tumezoea gari linaloliwa kila upande na upepo wa bahari. Gari la Indiana huliwa na maji yaliyotuama, kwa hiyo jiulize maji yanatuama wapi. Gasa pua iko juu, basi kila tone linaloingia ndani linateremkia nyuma. Sakafu ya buti na chini ya madigadi ya nyuma ndiko kuozee kwanza.

Hatua ya 2: Tenganisha vipande kwa asili yake

Mimi hutumia visosi. Cha kwanza ni bati: bodi kuanzia kioo cha mbele kwenda nyuma, chasi, ekseli, springi. Cha pili ni faibaglasi: pua nzima, maana wengi walitoa madigadi na boneti za bati wakaweka kipande kimoja chepesi. Cha tatu, rimu za magnesi. Kisha mpira, halafu vioo. Ile mistari inayong'aa ubavuni mwa Chevrolet ni chuma cha pua. Hiyo haiozi, inafifia tu kwa vumbi. Ukiipaka kutu fundi wangu atakucheka na wewe.

Hatua ya 3: Kondesha bati

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Bati la bodi ya gari lina unene wa kama milimita moja. Ligawe kwa 25 unapata milimita 0.04, wembamba unaoshinda karatasi ya daftari. Plastiki ya seti ina unene wa kama milimita 1.5. Ukitoboa tu tundu la kutu kwa drili, umetengeneza gari la mabati ya karibu sentimita nne, kama kifaru cha vita.

Kwa hiyo tunakondesha kwanza, tunatoboa baadaye. Geuza bodi, ushike drili ndogo yenye kichwa cha mviringo, uchonge kwa ndani pale palipopangiwa kuoza. Vaa barakoa, vumbi la plastiki si la kuvuta. Kila baada ya dakika moja inua bodi kwenye taa. Mwanzo huoni kitu. Baadaye plastiki inaanza kupitisha mwanga hafifu kama sikio la mtoto likipigwa jua. Simama hapo. Chukua ncha ya wembe, ubanduebandue ukingo vipande vidogo vidogo. Tundu la kutu halina duara. Lina meno, na pembeni yake kuna vitundu vya sindano ambavyo bado havijaungana.

Ukipitiliza ukatokeza tundu usilolitaka, liache. Kutu nayo haiombi ruhusa.

Hatua ya 4: Chasi na nafasi ya injini

Seti itakupa injini nzuri ya V8 yenye vipande vingi. Iweke kabatini. Gari la mbio likistaafu kitu cha kwanza kuuzwa ni injini, cha pili giaboksi. Acha nafasi tupu, na nyaya mbili tatu zinazoning'inia, na mpira wa radieta usiofika popote. Chasi ipake kahawia iliyokoza, haihitaji ufundi zaidi ya huo. Ganda jeusi la grisi iliyokauka kwenye difu litakuwa la rangi ya mafuta nyeusi iliyochanganywa na vumbi. Chini ya grisi hakuna kutu, mafuta yamelinda.

Hatua ya 5: Rangi na chumvi

Sehemu za bati peke yake. Paka kahawia iliyokoza isiyong'aa. Ikikauka, chovya kipande cha sifongo kwenye kahawia nyekundu, ukifute kwenye karatasi mpaka kibaki karibu kikavu, ugongegonge. Rudia kwa rangi ya chungwa, lakini kidogo mno. Chungwa ni kutu ya juzi, kutu ya miaka 40 inakaribia rangi ya kahawa. Funga kwa vanishi isiyong'aa, usubiri siku nzima.

Sasa lowanisha kwa brashi yenye maji sehemu unazotaka zibanduke, unyunyize chumvi ya mawe uliyoipondaponda. Usiitawanye sawasawa kama unatia kwenye kachumbari. Rundika kwenye kingo, chini ya milango, na pale tundu lilipo. Acha ikauke mpaka ishike yenyewe.

Pulizia praima ya kijivu, tabaka jepesi, kisha nyekundu kwa matabaka membamba. Rangi nzito ya maji itayeyusha chumvi kabla ya wakati. Baada ya saa moja au mbili shika mswaki wa zamani na maji, usugue taratibu. Chumvi inatoka na rangi iliyo juu yake, na ukingo unabaki na mistari mitatu: nyekundu, kijivu, kahawia. Mistari hiyo ndiyo inayodanganya jicho.

Jua nalo lina kazi yake. Changanya ile nyekundu na rangi ya krimu. Nyeupe tupu hugeuza gari kuwa pipi ya waridi. Pulizia paa na mfuniko wa buti. Chini ya mstari wa madirisha acha nyekundu ya asili, isipokuwa kuzunguka herufi za mlangoni, ambazo zina hatua yake.

Pua ya faibaglasi ifanye peke yake. Haina kahawia chini wala chumvi. Ifanye nyekundu iliyotofautiana kidogo na ya bodi, kwani ilipakwa siku nyingine na mtu mwingine, na ifubaze zaidi. Palipochubuka paonyeshe kijivu, kisha njano mpauko ya faibaglasi yenyewe. Kwa penseli iliyochongwa sana chora nyufa kama utando wa buibui kwenye kona.

Hatua ya 6: Herufi

Alama ya C/G mlangoni ilipakwa kwa mkono, nyeupe. Herufi zilikinga rangi iliyo chini yake na jua. Zikibanduka, nyekundu iliyokuwa imefichwa inabaki mbichi. Kwa hiyo kabla ya kupulizia rangi iliyofubaa mlangoni, kata herufi kwa tepu ya kuzibia, ubandike, upulizie, ubandue. Kisha rudisha weupe kwa mabaka machache, C yote na nusu ya G. Anayetazama atasoma herufi isiyokuwepo.

Hatua ya 7: Rimu, matairi, vioo

Rimu za seti zina kromu. Zilaze kwenye jiki usiku mmoja, dirisha likiwa wazi, na usichanganye jiki na kitu kingine chochote. Asubuhi zioshe. Paka kijivu kisichong'aa, kisha usugulie unga wa chaki nyeupe: magnesi ikichakaa hutoa ukungu mweupe, kutu haina. Kutu iko kwenye nati tu, maana hizo ni chuma.

Tairi za nyuma ni pana na hazina kashata. Kata milimita 2 chini ya kila tairi, ambazo kwenye gari halisi ni sentimita 5, ukandike puti ubavuni ili tairi liweke tumbo. Rangi iwe kijivu cha majivu, nyeusi ya dukani itaua kazi yote.

Kioo cha mbele ni kioo kweli, kitabaki angavu chini ya vumbi. Vya pembeni vilikuwa plastiki ili kupunguza uzito: visugue kwa msasa namba 2000, upake vanishi yenye tone la njano.

Hatua ya 8: Machozi ya kutu, kisha majani

Kwanza lisimamishe gari kwa magurudumu yake. Usifanye hatua hii umelishika mkononi. Maji hufuata ardhi, hayafuati mistari ya bodi, na kwa kuwa pua iko juu, mchirizi ulionyooka kuelekea chini utakatiza mstari wa mlango kwa mshazari. Weka nukta ya rangi ya mafuta ya kahawia chini ya kila tundu, uivute chini kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini.

Kwa majani, katani imetuzunguka huku Tanga. Chemsha nyuzi kwenye chai ya rangi, zikaushe, ukate urefu wa milimita 15 hadi 25, upande kwa gundi nyeupe. Zisonge kuzunguka magurudumu. Uvunguni acha ardhi tupu, hakuna jua huko. Malizia na vumbi la chaki, na juu yake usipulize vanishi, vumbi litatoweka lote.

La pili nililipeleka kwa fundi yuleyule. Alikaa nalo muda mrefu. Akaweka kidole kwenye buti, "Hapa maji yalituama." Ndiyo, fundi. Akarudi mbele, kwenye pini nne zinazofungia ile pua. "Na hizi?"

"Chuma."

"Mbona hazijalia?"

Nikarudi nyumbani nikaweka nukta nne za kahawia juu ya faibaglasi, nikazivuta chini.