Farasi anayeuma uzio: anza na tumbo lake

Duma aliletwa kwetu Karen, Nairobi, akiwa na miaka saba, farasi wa mbio aliyestaafishwa, mwili mzuri lakini meno ya mbele yamelika kama ya mzee. Asubuhi ya kwanza nilimkuta kwenye uzio. Ameegemeza meno ya juu kwenye ubao, shingo ameikunja, misuli ya chini ya koo imekaza kama kamba, kisha akatoa mguno kama wa mtu anayecheua. Akapumzika kidogo, akarudia. Baada ya wiki moja ubao mpya wa msaiprasi ulikuwa na mfuo unaoenea kidole gumba changu.

Mimi ni saisi, mtunza farasi, mwaka wa kumi na tisa huu. Masaisi wenzangu wakiniuliza wampake nini farasi wa namna hii ubao wake, huwa nawaomba kwanza waniambie anakula nini.

Simama kando dakika kumi umtazame kabla hujafanya lolote. Yupo farasi anayetafuna mbao tu: anabandua vipande, anavila au kuvitema, na mara nyingi huyo anadai nyasi zaidi. Anayeguna ni mwingine. Huyo hali ubao, anaushika kwa meno ili avute hewa kooni. Tabia hii ikishamwingia haimtoki yote. Unachoweza ni kuipunguza. Nalisema mapema ili usije ukamchapa. Hafanyi ukaidi, na kipigo kinamzidishia wasiwasi uleule unaompeleka kwenye ubao.

Sasa tumbo. Tumbo la farasi linatoa asidi usiku na mchana, ale asile. Mate ya kuipoza asidi hiyo yanatoka pale tu anapotafuna. Nafaka anaimaliza kwa dakika chache, nyasi zinamchukua saa nyingi. Duma alikuja na desturi ya kupewa nafaka yenye molasi kilo tatu asubuhi na tatu jioni, na nyasi "za kutosha". Nikazitundika hizo za kutosha kwenye mizani: kilo nne. Farasi wa kilo 450 anahitaji nyasi kavu kilo 7 hadi 9 kwa siku. Tafadhali, pima. Bunda moja la nyasi za Boma Rhodes linatofautiana sana na jingine kwa uzito, na macho hayana mizani.

Nafaka nilimpunguzia taratibu kwa wiki mbili, maana chakula cha farasi hakibadilishwi kwa siku moja. Molasi tuliiacha kabisa. Ukitaka kujua sababu, mtazame farasi wako mara tu anapomaliza chakula kitamu, ndipo anapouma zaidi. Nafaka iliyobaki niliigawa mara tatu, kila mara na lusani (majani ya alfalfa) kidogo. Nyasi nikaziweka kwenye nyavu mbili zenye matundu madogo, wa mwisho naujaza saa tatu usiku. Na daktari wa mifugo aliitwa amwangalie vidonda vya tumbo. Dawa ya vidonda ni kazi yake, usinunue kwa kukisia.

Halafu mtoe nje. Duma alikuwa anafungiwa banda la peke yake ili "asiwaambukize" wengine. Woga huo umeenea, lakini kumtenga ndiko kunakomharibu. Tulimtoa malishoni kutwa nzima pamoja na punda mmoja mpole, na kwa mwezi wa kwanza hilo ndilo lililoleta tofauti niliyoiona kwa macho.

Uzio wenyewe ulindwe hivi. Pitisha waya wa umeme upande wa ndani, usawa wa ubao wa juu, kama sentimita 15 mbele yake, kwa vishikizo vya plastiki. Kila asubuhi kagua kama nyasi ndefu zinaugusa, kwa sababu zikiugusa nguvu inapungua na farasi anagundua haraka. Kingo za mlango wa banda zifunike kwa chuma cha kona, fundi apige msasa pembe zote. Pilipili inasaidia siku chache, mvua ya Aprili inaiosha. Oili chafu usipake. Mahali nilipofanya kazi zamani walipaka uzio mzima, na farasi walikuwa wakiilamba na kuchubuka midomo. Ile ni sumu.

Mkanda wa shingoni, ule wa kumzuia asikaze koo na kuvuta hewa, tulimvalisha wiki mbili. Nywele zilinyonyoka nyuma ya masikio, na siku tulipomvua aliuma kuliko alivyowahi kuuma. Sikumrudishia.

Badala yake nilimwachia nguzo moja ya mtarakwa kwenye kona, nikaizungushia mkanda mzito wa mpira kwenye kimo cha kifua chake. Usitumie tairi la gari, lina nyaya za chuma ndani. Akizidiwa anakwenda pale, na meno hayaliki kama kwenye ubao. Kila Jumamosi naukagua mpira kama umepasuka. Na siku akikataa nyasi, akigeuka kutazama ubavu wake au akilala na kuinuka ovyo, siendi kwenye nguzo wala uzio. Nachukua simu nampigia daktari papo hapo, kwa sababu farasi wavuta hewa wako karibu zaidi na msokoto mbaya wa utumbo, ule unaohitaji upasuaji.