Mwandae mama kwa upekuzi wa uwanja wa ndege

Kama unamsindikiza mama au bibi anayepanda ndege kwa mara ya kwanza pale Julius Nyerere, mwambie mapema kwamba huenda akapapaswa mwilini. Wengi hushtuka mashine ikilia, na mara nyingi ni pini za ushungi au bangili tu. Avivue kabla ya foleni na avitie ndani ya mkoba, maana vikiachwa wazi kwenye trei ni rahisi kusahaulika.

Akiitwa pembeni, anayempekua awe mwanamke mwenzake. Kama aliyepo ni mwanamume, aseme kwa upole, "Naomba niitiwe dada." Na wakihitaji afunue ushungi, au waguse kiunoni alikovaa shanga, aombe wakamalizie faragha. Hilo ni ombi la kawaida, wala si ukaidi. Kukataa upekuzi wenyewe ndiko kutakakomzuia kusafiri. Mwenye kifaa cha moyo aseme kabla hajapita kwenye mashine, cheti cha daktari kikiwa mkononi.

Kuhusu zawadi: asali, achari na siagi ya karanga vinahesabiwa kama majimaji. Kwa safari ya nje ya nchi, kopo linalozidi mililita 100 liingie kwenye begi la kukabidhi, hata kama limebaki nusu. Pawabanki ni kinyume chake, hiyo abaki nayo mkononi. Tena mizigo hupitishwa kwenye mashine tangu mlangoni mwa jengo, basi ondokeni nyumbani mapema, foleni za barabara ya Nyerere mnazijua.