Vile nafanya wanafunzi wa mtandaoni wajiskie wako darasani, hatua kwa hatua

Darasa langu la kuweka hesabu linaanza saa mbili usiku, Jumanne na Alhamisi, mimi niko Kisumu na wanafunzi wako kila mahali, Ahero, Luanda, Bondo, Mumias, Busia, mmoja yuko kisiwani Rusinga. Wengi ni watu wazima wenye shughuli zao, kuna mama wa duka, kuna wa boda, kuna makarani wa sacco. Muhula wa kwanza nilikuwa nafundisha saa nzima bila kupumua, slaidi safi, mifano mizuri, nikimaliza nasema asanteni usiku mwema nafunga. Sasa siku moja nikasema usiku mwema halafu sikufunga haraka, nikaona majina kumi na moja bado yako kwenye skrini. Dakika tano, dakika kumi, hakuna anayetoka. Simu zilikuwa zimewashwa mezani na wenyewe hawapo, hata hawakuskia nimemaliza.

Iliniuma sana, kwa sababu kwa rejista hao wote walikuwa wamehudhuria.

Nikaanza kusoma. Kuna walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, mwaka wa 2000 walieleza kwamba darasa la mtandaoni likitaka kuwa na uhai linahitaji uwepo wa aina tatu. Wa kijamii, yaani watu wajuane kama watu. Wa kiakili, yaani wafikirie pamoja mpaka jambo lieleweke. Na wa kufundisha, yaani kuna mtu amepanga na anaongoza. Nilipojipima nikaona mimi nilikuwa na huo wa mwisho peke yake. Slaidi nilikuwa nazo, watu sikuwa nao. Basi hizi ndio hatua nilizopanga tangu hapo, zichukue uzijaribu kwa darasa lako, liwe la chuo, la kanisa, la mafunzo ya kazi.

Hatua ya 1: Piga simu kwa kila mmoja kabla muhula uanze

Sio meseji, simu. Dakika tano kwa mtu. Watu thelathini ni kama masaa mawili na nusu, ukigawa jioni tatu umemaliza, na hakuna kitu kingine utafanya muhula mzima kitakurudishia zaidi ya hicho.

Nauliza mambo matatu tu. Unatumia simu ya nani? Saa mbili usiku unakuwanga wapi? Na ni nini kinaweza kukufanya ukose? Halafu nyamaza uskize. Hapo ndio nilijua kuna mama anatumia simu moja na kijana wake wa kidato cha tatu, na Alhamisi kijana ndio anahitaji. Nikajua wa boda saa mbili bado yuko steji anangoja abiria na anaskiza kwa earphone sikio moja, kwa hivyo kumwambia awashe kamera ni kumwambia atoke darasani. Mwingine ana kabambe, ile simu ndogo ya kupiga na meseji tu, anaomba simu ya dada yake. Haya yote naandika kwa daftari, ukurasa mmoja kwa mtu, na hilo daftari linakaa mbele yangu kila darasa.

Na kuna kitu kingine kinafanyika kwa hiyo simu bila wewe kujua. Mtu akishaskia sauti yako ikimtaja jina, siku ya kwanza darasani anajua kuna mtu anamngoja.

Hatua ya 2: Punguza uzito wa darasa

Saa moja ya video ya kundi inaweza kula zaidi ya MB 500, lakini sauti peke yake mara nyingi haifiki hata 100. Kwa mtu wa bando ya shilingi ishirini hiyo tofauti ndio kuwepo na kutokuwepo. Kwa hivyo mimi kamera silazimishi. Dakika mbili za kwanza mwenye kutaka anawasha tusalimiane, tunaonana, tunacheka kidogo, halafu tunazima wote pamoja na mimi mwenyewe.

Najua kuna walimu wanasema bila kamera hutajua kama mtu yuko. Mimi nimeona watu wamewasha kamera na macho yako kwa televisheni ya sebuleni. Uso kuonekana na mtu kuwepo ni vitu viwili.

Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, na nimeona dakika 40 zinatosha kabisa, zinanilazimisha nipunguze maneno yangu. Yaliyobaki naweka kwa voisi noti kwenye WhatsApp, ya dakika mbili haifiki hata MB moja, hata yule ambaye stima ilipotea kwao ataiskiza kesho asubuhi kwa matatu.

Hatua ya 3: Dakika kumi za kwanza ziwe zao

Hii ndio naipenda kuliko zote kwa hivyo nitaieleza pole pole.

Zamani nilikuwa naanza na "mnaniskia?" na watu watatu wanajibu ndio mwalimu, wengine wote wanakaa wakijua darasa ni la wale watatu. Siku hizi naanza na swali ambalo kila mtu ana jibu na hakuna anayeweza kukosea. Kwa mfano: andika kwenye chati, pesa ya kwanza kutoka mfukoni mwako leo ilienda wapi? Zinaanza kuingia, nauli 50, maziwa 60, kredo 20, mtu wa Bondo anaandika petroli 300, mama wa Ahero anaandika alilipa deni la unga. Hakuna haja ya maiki wala kujua hesabu, na mtu akiandika hapo mara ya kwanza mlango umefunguka, kuandika mara ya pili ni rahisi.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu salamu ambayo haiendi popote wanaichoka wiki ya pili. Mimi nachukua hayo majibu yao yenyewe nayaweka kwa leja, kile kitabu cha hesabu, palepale. Nauli ya huyu tunaiandika debiti, yaani mkono wa kushoto, kwa akaunti ya matumizi, na pesa taslimu krediti, mkono wa kulia. Na hili deni la unga, mama alilipa leo lakini unga ulikuja lini? Hapo ndio wanaanza kubishana kwa chati, mmoja anasema ni matumizi ya leo, mwingine anasema hapana, matumizi yalishaandikwa siku unga ulipochukuliwa, leo tunapunguza tu deni. Siku hiyo sikufundisha mada ya wadai, yaani wale wanaotudai, walijifundisha wenyewe na unga wa Ahero. Ukifundisha kilimo uliza mvua imenyesha wapi leo, ukifundisha ualimu uliza mtoto amekuuliza swali gani gumu, muhimu ni kwamba jibu lao liwe ndio malighafi ya somo.

Hatua ya 4: Uliza, halafu ngoja

Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima walimu wanangoja muda gani baada ya kuuliza swali, akapata ni kama sekunde moja tu, na wakingoja sekunde tatu au zaidi wanafunzi wanajibu kwa urefu na wengi zaidi wanajitokeza. Hiyo ni darasa la watu wameketi pamoja. Mtandaoni sauti inachelewa, mtu atafute maiki, mtoto analia, kwa hivyo mimi nahesabu mpaka kumi na tano kimoyomoyo. Mwanzoni kile kimya kinatisha, vumilia.

Swali la "mmeelewa?" nimeliacha kabisa. Kila mtu atasema ndio kwa heshima. Badala yake: nimemuuzia jirani omena ya 2,000 kwa deni, naandika wapi? Aliyeelewa atasema debiti wadaiwa, yaani wale tunaowadai, krediti mauzo, na asiyeelewa utamjua hapo hapo.

Na usimvamie mtu. Mwambie mapema, "baada ya huyu nitakuja kwako Mama," apate nafasi ya kujipanga. Mtu mzima akiaibika mbele ya watu thelathini mtandaoni, wiki ijayo humpati.

Hatua ya 5: Makundi ya watu wanne, kama chama

Sisi huku tunajua chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu. Siku ya mzunguko ukikosa hakuna anayengoja mwenyekiti aulize, simu zitaanza kuingia, "uko wapi sisi tumefika". Hilo ndio nataka kwa darasa. Nagawa watu wannewanne, kila kundi na WhatsApp yao ambayo mimi siko ndani, na kila wiki kuna mmoja wa zamu, kazi yake ni kumtafuta asiyeonekana.

Usiweke marafiki pamoja wote, na usiweke wenye netiweki mbaya pamoja, changanya. Yule wa Rusinga nimemweka na wa Kisumu mjini ambaye mawasiliano yake hayasumbui.

Halafu wape kazi ambayo haiwezekani mmoja akikosa. Tukifika kulinganisha hesabu za benki, mmoja napatia daftari la pesa, wa pili taarifa ya benki, wa tatu stabu za cheki na wa nne meseji za M-Pesa za biashara. Hesabu haikubali mpaka karatasi zote nne zikutane. Nimeona watu wakitafutana saa nne usiku, "jamani ile cheki ya elfu kumi na mbili iko kwako?" Wakati kazi ilikuwa moja kwa wote, mmoja alikuwa anafanya na watatu wanakopi. Sasa kila mmoja ana kipande ambacho wengine wanakihitaji, na ukihitajika unakuja.

Hatua ya 6: Jibu kwa sauti, na kwa jina

Kazi ikiletwa inajibiwa ndani ya siku mbili. Mtu akituma kazi na wiki ipite kimya anaona ametupa jiwe ziwani. Natumia voisi noti ya dakika moja hivi, naanza na jina lake, naeleza sehemu moja aliyoifanya vizuri na kwa nini ni nzuri, halafu sehemu moja ambapo alipotea na vile angerudi. Sio sehemu sita. Moja. Saa tatu na nusu usiku nafunga, hiyo nimewaambia wazi, na wanaiheshimu.

Hatua ya 7: Mtafute aliyepotea kabla aibu haijamfunga

Mama mmoja wa Luanda alikuwa anakuja kila siku, halafu akapotea. Mara moja sikushtuka. Mara ya tatu nikampigia. Ilikuwa msimu wa mvua wa Aprili, radi iliharibu stima kwao wakakaa gizani siku tatu, simu ikazima. Nikamuuliza, na stima iliporudi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu niliona aibu. Wenzangu wameshaenda mbali, nikiingia nitauliza kitu ya wiki iliyopita."

Hapo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Stima ilimtoa siku tatu, ile nyingine yote aibu ndio ilimweka nje. Na kila siku inayopita aibu inazidi kuwa nzito.

Kwa hivyo sasa ninafanya hivi: ukikosa mara moja mtu wa zamu anakutafuta, ukikosa mara mbili nakupigia mimi. Siulizi "kwa nini hukuja", hilo ni swali la polisi. Nasema, "Nimeona haupo nikasema nikusalimie, kwako ni wema?" Na kwa kila somo naandaa mapema ukurasa mmoja wa kurudia, kazi ya dakika ishirini, mtu anaufanya na mwenzake mmoja wa kundi kabla ya darasa lijalo. Akiingia anakuwa ana kitu mkononi. Yule mama alirudi Jumanne iliyofuata, na salamu yake ya kwanza kwa chati ilikuwa bei ya mishumaa.

Hatua ya 8: Wiki ya nne, uliza swali hili moja

Fomu fupi, bila majina. Zamani nilikuwa nauliza kama somo linaeleweka, kama kasi ni nzuri, na majibu yalikuwa mazuri hata wakati watu wanapotea. Siku hizi nauliza: ukikosa darasa Alhamisi, nani atagundua?

Wengine wanaandika "wewe mwalimu". Hiyo ni sawa lakini haitoshi, maana mimi ni mmoja na wao ni thelathini. Ninachotafuta ni "kundi langu", au zaidi ya hapo mtu aandike jina la mwenzake. Na kuna wale wanaandika "hakuna mtu". Fomu haina majina kwa hivyo siwezi kujua ni nani, na sijaribu kuwawinda. Wakizidi watatu, wiki hiyo mada mpya inangoja. Natoa daftari, naangalia upya nani yuko na nani, navunja makundi ambayo yamepoa na kupanga mengine, halafu jioni nakaa chini na simu naanza tena kutoka jina la kwanza.