Chora jedwali kwanza: namna ya kuandaa tasnifu ya uzamili katika uhandisi wa programu

Masomo ya darasani katika uzamili wa sayansi ya kompyuta huwa hayaangushi watu wengi. Yana ratiba, yana mitihani, na mwenzako yupo wa kuuliza. Panapokwamisha ni kwenye tasnifu, na mara nyingi chanzo ni kimoja: mwanafunzi ameanza kuandika msimbo wa programu kabla hajajua atapima kitu gani. Miezi mitano ikipita ana mfumo unaofanya kazi vizuri, lakini hana la kusema juu yake.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyoonekana. Katika mfumo wa ECTS wa vyuo vikuu vya Ulaya, kila alama ya masomo huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Tasnifu ya alama 30, yaani muhula mzima, ni saa 750 hadi 900. Toa robo ya kusoma machapisho na theluthi ya kuandika na kusahihisha: za kujenga na kupima hazifiki 400. Ndani ya hizo kuna siku za kuhangaika na maktaba za programu zisizoelewana matoleo. Siku hizo huwa hazikosekani.

Swali na jedwali tupu

"Kujenga mfumo wa kugundua hitilafu kwa akili bandia" ni mradi, bado si swali. Swali ni hili: je, kuongeza historia ya mabadiliko ya faili kunaboresha ubashiri wa faili zenye hitilafu, kuliko kutumia idadi ya mistari peke yake? Hapo unaona kinachobadilishwa, kinacholinganishwa nacho, na kinachopimwa.

Sasa chukua karatasi uchore jedwali la matokeo likiwa tupu. Safu ni mbinu, safuwima ni miradi ya programu utakayoipima, na ndani ya kila kisanduku andika jina la kipimo. Safu ziwe mbili angalau: mbinu yako, na mbinu nyepesi kabisa ambayo mtu mvivu angeitumia. Usiidharau hiyo ya pili. Katika ubashiri wa hitilafu, kupanga faili kwa urefu tu, ndefu zikitangulia, hushinda mbinu nyingi za kujivunia, na mtahini anayejua fani atauliza iko wapi.

Mpelekee msimamizi karatasi hiyo kabla hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo, umuulize mambo mawili. Jedwali hili likijaa kama ninavyotarajia, linatosha? Na likijaa kinyume, bado ni tasnifu? Jibu la pili likiwa hapana, badilisha swali, kwa sababu utakuwa umeiweka shahada yako rehani kwa bahati.

Kusoma

Usisome chapisho kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anza na ikisiri, ruka hadi kwenye majedwali, kisha soma sehemu ya vitishio kwa uhalali wa matokeo. Pale ndipo waandishi hukiri walichoshindwa. Chagua machapisho matatu ya karibuni yanayogusa swali lako, fuata marejeleo yake kurudi nyuma, kisha tafuta machapisho yaliyoyanukuu baadaye. Majina yakianza kujirudia, umefika. Kwa kila chapisho jaza mistari minne tu: data gani, kipimo gani, walilinganisha na nini, waliacha nini. Huo mstari wa nne ndio unaokupa nafasi ya kuingia.

Data inapokudanganya

Tasnifu nyingi zenye namba nzuri mno huharibikia hapa, tena bila mtu kujua.

Kosa la kwanza ni nakala. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 kuhusu msimbo ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya faili ni nakala za faili nyingine zilizokwishakuwepo. Ukizigawa faili kwa nasibu kati ya data za kufundishia na za kupimia, faili ileile inaangukia pande zote mbili. Modeli, yaani programu iliyojifunza kutokana na data, haikubashiri kitu, imekumbuka tu. Kokotoa heshi (alama fupi inayotokana na yaliyomo) ya kila faili baada ya kuondoa nafasi na maelezo ya pembeni, futa zinazofanana, ndipo ugawe. Afadhali zaidi ugawe kwa mradi mzima, usigawe kwa faili.

Kosa la pili ni wakati. Ukichanganya mabadiliko ya miaka mitatu na kuchota asilimia 20 ya kupimia, unaifundisha modeli kwa mambo ya kesho ili ibashiri ya jana. Chagua tarehe: ya kabla yake ni ya kufundishia, ya baada yake ni ya kupimia. Halafu kagua vigezo, yaani taarifa unazoipa modeli kuhusu kila faili, kimoja kimoja. Kigezo kama "idadi ya marekebisho yaliyofanywa kwenye faili" kikihesabiwa kwa historia nzima, wakati ujao umeingia kwa mlango wa nyuma hata kama mgawanyo wenyewe ni sahihi.

La tatu ni kipimo. Tuseme una faili 1,000, na zenye hitilafu ni 50. Programu inayojibu "safi" kwa kila faili inapata usahihi wa asilimia 95, na haijagundua hitilafu hata moja. Kwa hiyo onyesha mambo mawili: kati ya 50 umezinasa ngapi, na kati ya ulizozitaja ni ngapi kweli zina hitilafu.

Kuendesha majaribio

Uendeshaji mmoja si matokeo. Mbinu yoyote yenye nasibu ndani yake iendeshwe angalau mara 30, kila mara kwa mbegu (namba ya kuanzishia nasibu) tofauti, na mbegu zote ziandikwe kwenye faili ya matokeo. Ripoti thamani inayosimama katikati ukizipanga kwa ukubwa, pamoja na mtawanyiko wake. Kulinganisha mbinu mbili, jaribio la kitakwimu la Mann-Whitney linafaa kwa sababu halidai data ziwe na mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele. Lakini nalo halikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani, basi ongeza kipimo cha A12 cha Vargha na Delaney, kinachoonyesha uwezekano wa mbinu moja kuishinda nyingine: 0.5 maana yake hakuna tofauti.

Kuna mtego wa lugha ya Python unaokula siku nzima. Umeweka mbegu kila mahali, na bado namba zinabadilika. Tangu toleo la 3.3, heshi za matini huchanganywa upya kila programu inapowashwa, hivyo ukipitia seti ya majina ya vigezo, mpangilio unaweza kuwa mwingine kila mara. Safuwima zikibadilishana nafasi, modeli inajifunza kwa njia tofauti. Pitisha seti hiyo kwenye `sorted()` kwanza, au weka `PYTHONHASHSEED` kabla ya kuwasha programu. Ukiiweka ndani ya msimbo umeshachelewa.

Ukipima kasi, tupa mizunguko ya mwanzo, hasa kwenye lugha ya Java, kwa kuwa mashine yake pepe hukompaili (hugeuza kuwa lugha ya kompyuta) sehemu zinazotumika sana wakati programu ikiwa tayari inakimbia. Kompyuta ya mapajani iwe kwenye umeme, kivinjari kimefungwa. Joto nalo hupunguza kasi ya prosesa, kwa hiyo endesha mbinu hizo mbili kwa kupishana. Usimalize ya kwanza yote ndipo uingie ya pili.

Kila mstari wa faili ya matokeo ubebe kitambulisho cha toleo la msimbo uliouzaa, kile kinachotolewa na amri `git rev-parse HEAD` ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Jedwali la kwenye tasnifu litengenezwe na skripti kutoka kwenye faili hiyo. Usinakili namba kwa mkono. Wiki mbili kabla ya kukabidhi utarekebisha kitu kidogo, namba zitahama, na mojawapo itabaki ya zamani kwenye hitimisho.

Kuandika na kutetea

Sura ya mbinu iandikwe majaribio yakiendelea, maana baada ya miezi miwili hutakumbuka kwa nini uliondoa ule mradi mmoja. Utangulizi uandikwe mwisho. Kwenye vitishio kwa uhalali usiandike "data huenda hazitoshi" ukaishia hapo. Sema miradi yote ni ya Java na ya chanzo huria, kwa hiyo matokeo hayawezi kupelekwa moja kwa moja kwenye mifumo ya ndani ya kampuni.

Siku ya kutetea, andaa slaidi za akiba baada ya ile ya mwisho: mgawanyo wa data, namba za kila mbegu, na jedwali bila ule mradi uliokupendelea zaidi. Watahini hupenda kuuliza juu ya mradi huo.