Vile mimi hutafsiri maneno ya mashine kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza

Niko Kisumu na kazi nyingi huniletewa ni manyuali za mashine mtumba kutoka Ujerumani, fundi anataka Kiingereza kabla hajashika spana. Basi mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: angalia mchoro kwanza, kamusi baadaye. Mutter kwa kamusi ni mama, kwa mashine ni "nut". Welle ni wimbi, lakini ndani ya giaboksi ni "shaft". Lager nayo ni stoo ama "bearing", sasa bila mchoro utajuaje?

Hatua ya 2: neno refu likate, uanzie nyuma, kwa sababu neno la mwisho ndilo lenye kubeba maana na yale ya mbele yanaeleza tu. Anzugsdrehmoment: Drehmoment ni "torque" (nguvu ya kuzungusha), Anzug hapa ni kukaza (pia ni suti, usicheke), kwa hivyo "tightening torque". Kugellager ni Lager ya Kugel (gololi), yaani "ball bearing".

Lakini Passfeder ilinikalia vibaya. Feder ni "spring", mimi nikaandika "fitting spring" na fundi wa watu akazunguka maduka siku nzima akitafuta springi ambayo haiko duniani, kumbe ni kii, kile kichuma hukaa kati ya shafti na puli zisiteleze, Kiingereza "parallel key". Siku hizi nikiona DIN (viwango vya Kijerumani) na namba kando ya jina naanza na hiyo namba: DIN 6885 ni hiyo kii, DIN 471 ni "circlip" (ringi ya kuzuia kitu kisichomoke) ya juu ya shafti, DIN 472 ni ya ndani ya shimo.

Hatua ya 3: jiulize, hapa ni stima ama ni chuma? Spannung kwa stima ni "voltage", kwa chuma ni "stress". Sicherung kwa stima ni fyuzi, lakini Sicherungsring ni ile ile "circlip".

Hatua ya 4: namba pia hutafsiriwa. Koma yao ndio nukta yetu, 1,5 mm ni 1.5 mm, na 1.500 U/min ni mizunguko elfu moja mia tano kwa dakika, si moja na nusu! SW 13 ni spana ya 13 tu.

Ukimaliza usitume kwa WhatsApp ukalala. Mimi hushuka mpaka gereji, nasoma neno, fundi anagusa kitu chenyewe. Akikosa cha kugusa, hilo neno narudi nalo nyumbani.